Glasi Ndani ya Soksi

Kazi yangu ni kuwapeleka watu mahali ambako mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga. Nakaa ghorofa ya nne, kwenye kiti chenye gurudumu moja bovu, ramani ya msitu wa mvua ikiwa ukutani nyuma ya kichwa changu, nawaambia watu wazima wabebe soksi ndefu kwa sababu ya ruba wanaonyonya damu. Ruba wa msituni sijawahi kumwona. Lakini nikikueleza anavyopanda kwenye kiatu, utajikuna.

Ofisini tuko watatu. Mama Tiketi ndiye mwenye ofisi. Dada wa Viza anashughulika na balozi, na ana sauti ya kumgombeza hata balozi mwenyewe. Mimi napanga. Mteja akiketi mbele yangu sigusi kompyuta kabla ya kumwuliza mambo matatu: magoti, masikio na tumbo. Magoti yako yanakufikisha wapi? Masikio yako hayavumilii nini usiku? Tumbo lako linagombana na nini? Watu huja wakisema wanataka msitu wa kweli, maporomoko, nyani, ndege wa kila rangi, kumbe goti lenyewe halipandi hata ngazi za kwa shemeji. Mtu anaweza kukudanganya umri na mshahara, lakini goti halimfichi mtu.

Kwa ajili ya swali hilo nikapewa jina la Magoti. Aliyenipa ni mtu mmoja ambaye mwaka mzima nilikuwa nimejikataza kumtaja. Asubuhi ile akaingia ofisini, akafuta viatu mlangoni, akavuta kiti cha mteja.

"Habari za kazi, Magoti."

Alikuwa amekonda kidogo. Jua lilikuwa limemla shingo. Mikono ilikuwa ile ile, yenye makovu ya kamba viganjani, na macho yale yale yasiyo na haraka. Yalitua usoni kwangu yakakaa hapo, na mimi nikaangalia kalamu yangu, maana ilikuwa haina la kunisema.

Yeye ni fundi wa madaraja ya kamba. Katika nchi ile ya misitu, ambako ofisi yetu hupeleka watalii, yeye na wenzake hufunga njia za mbao na nyaya kutoka mti hadi mti, juu kabisa, ili watu watembee usawa wa ndege. Mwaka uliopita alileta wazee wake nyumbani kunichumbia. Sasa, baba yangu ni mkaguzi wa lifti. Tangu ujana wake analipwa kukitilia shaka kila kinachoning'inia. Aliwasikiliza wazee kwa adabu, akawaongezea chai, kisha akasema, "Binti yangu simpi mtu anayening'iniza watu kwenye kamba." Hakuongeza, hakupunguza.

Nilimwambia fundi wangu sitaolewa bila radhi ya baba. Naye akaniambia hatanioa kwa kuniiba. Tukaachana hivyo, kila mmoja na haki yake, na hakuna uchungu mbaya kama wa kuachana na mtu ambaye hajakukosea. Nilimwomba asinipigie simu. Hakupiga. Nilimchukia kwa utii huo.

"Nzuri," nikasema. "Karibu. Safari ya wapi?"

"Kule kule kwangu, msituni. Watu wawili."

"Wawili."

"Wawili. Wiki moja hivi. Chumba kimoja, vitanda viwili."

Dada wa Viza alikuwa akipanga pasipoti za watu mezani kwake. Akaacha. Mimi nikawaza, vitanda viwili, basi hawajaoana bado, wana heshima zao.

"Jina la mgeni wa pili?"

"Nitalileta baadaye. Nimeapa nisimtaje hadi safari iwe imepangwa."

"Umeapa."

"Nimeapishwa," akasema, na pembe ya mdomo ikamchezacheza.

Nilimwona mwanamke huyo palepale. Nilimwona hadi kofia yake ya jua. Ana baba mpole asiyejua lifti ni nini, na mama anayempikia fundi wangu akiwa bado mchumba. Nikasema moyoni, haya, maji yakimwagika hayazoleki. Wewe fanya kazi yako.

"Tuanze na magoti," nikasema. "Yako nayajua. Ya mwenzako?"

"La kulia zima. La kushoto hulalamika akishuka. Akipanda halina neno."

"Mdogo hivyo, ana goti?"

"Nani kasema ni mdogo?"

Basi ni mtu mzima. Nikajifariji kwa hilo, nikajiona mbaya, nikaendelea kujifariji.

"Masikio?"

"Anakoroma. Ukimwambia, atasema ni jirani. Na hapati usingizi bila redio inayonong'ona karibu na mto."

"Umejuaje anavyokoroma?" Nilitaka sauti itoke ya kikazi. Ilitoka ya mke mwenza.

"Nimemsikia. Mchana, kazini kwake, amekaa kwenye kiti."

"Tumbo?"

"Pilipili hapana. Asubuhi asisemeshwe kabla ya chai. Na chai ataipuliza hata ikiwa imepoa."

"Mzigo wowote wa pekee? Dawa, kamera, kiti cha kukunja?"

"Glasi."

"Glasi gani?"

"Ya kunywea maji, ndogo, ya kawaida tu. Haitaingia tumboni mwa ndege, ataishika mwenyewe. Huwa anaitia ndani ya soksi."

Niliweka kalamu chini.

"Soksi ya rangi gani?"

"Kijivu," akasema taratibu. "Imetoboka kisigino."

Soksi hiyo naijua. Nimeishona kisigino tangu nikiwa shule ya msingi, na kila mara hutoboka pale pale. Ndani yake hukaa glasi ambayo baba huijaza maji, akaiweka kwenye sakafu ya lifti, akaituma lifti juu na chini huku yeye amechuchumaa anayatazama maji. Vipimo vya kisasa anavyo, tena vya maana, na anavitumia. Lakini asipoyaona maji yametulia hasaini. Nyumbani aliwahi kuiweka juu ya friji jipya, juu ya meza ya kulia, na siku moja ndani ya gari jipya la mjomba, mjomba akanuna hadi tulipomwomba radhi. Hakuna anayeruhusiwa kuishika glasi ile. Hata mama haioshi.

"Baba," nikasema.

"Sijamtaja. Wewe ni shahidi yangu."

"Hajamtaja," Dada wa Viza akasema kutoka kwake, machozi yakimlenga.

Nilicheka hadi nikalia, na nikiwa nalia nikawa bado nacheka. Sijui kama umewahi kubeba ndoo ya maji kichwani mwendo mrefu, halafu mtu akaipokea bila kukwambia. Shingo yenyewe hushangaa. Hakukuwa na mwanamke. Hakukuwa na kofia ya jua. Kulikuwa na baba yangu na goti lake.

Mama Tiketi akachungulia kutoka chumba chake. "Nendeni mkazungumzie kwenye ngazi," akasema. "Hapa mtanisumbulia wateja." Hakukuwa na mteja hata mmoja.

Ngazi za jengo letu ni pana na hazina mtu, kwa kuwa kila mtu hupanda lifti. Tulisimama kwenye kituo kati ya ghorofa na ghorofa. Kicheko kilikuwa kimeisha, na mahali pake pakaja hasira, kwa kuchelewa kama kawaida yangu.

"Umerudi lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi. Na ukaenda kwa baba kwanza."

"Wewe ulisema njia ya kuja kwako inapita kwake."

"Nilisema nikiwa na huzuni. Sikuwa nakuchorea ramani."

"Mimi fundi, Magoti. Nikionyeshwa njia, napita."

"Na ulimwambia nini?"

"Nilimfuata kwenye jengo alikokuwa anakagua. Nikamwambia, mzee, leo sikuja kuomba binti. Nimekuja kuomba ukaguzi. Kuna daraja nimelifunga, wakaguzi wa kule wamelipitisha, lakini nataka macho yako."

"Akasemaje?"

"Akasema, shika mfuko."

Nikamtazama. "Mfuko wake wa kazi? Akakupa?"

"Nimeubeba mwezi mzima. Nimepanda ngazi za mji huu wote. Lifti ambayo hajaipitisha hapandi, na akishaipitisha anasema hiyo ni ya wateja. Goti lake nimelijua hukohuko."

"Na glasi? Alikupa ushike?"

"Glasi hapana. Kuitoa mfukoni huitoa mwenyewe. Niliiona kwa mbali, kama watu wengine."

Nilitaka kucheka tena, lakini kulikuwa na neno ilibidi nilitoe kwanza. "Sikiliza. Baba amekukataa kwa kusikia. Mtu aliyekataa kwa kusikia, iko siku atalainika. Lakini akienda kule, akaona kwa macho yake, halafu akakataa, imekwisha. Hajawahi kuifungua lifti aliyoifunga. Hakuna rufaa kwa yule mzee."

"Najua."

"Na unampeleka hivyo hivyo."

"Nimechoka kukataliwa kwa kudhaniwa," akasema. "Akinikataa, anikatae akiwa ameniona."

Kiganja chake kilikuwa juu ya chuma cha ngazi, na changu karibu nacho, katikati pakiwa na nafasi ya kidole kimoja. Hakuna aliyeisogelea nafasi ile. Mwaka mzima nilikuwa nimepanga nitakavyosimama siku nikimwona tena, nitakavyovaa, nitakavyomnyamazia. Nilichofanya ni kukitazama kidole chake cha mwisho na kutamani ngazi zisiwe na mwisho.

"Nimekukumbuka," nikasema, kwa kuwa ilikuwa kweli na hapakuwa na wa kusikia.

"Mimi kule nilikuwa nikisikia mvua inaanza," akasema, "nasema, angekuwepo angeuliza masikio yangu yanaivumilia au vipi."

"Na yanaivumilia?"

"Usiku wa kwanza hapana. Baadaye ukiikosa hulali."

Tukarudi ndani. Nikafungua kompyuta, na hapo nikaamua kudanganya. Nilidanganya kidogo, tena kitaalamu. Nikapanga safari ya kiangazi ili njia ziwe kavu. Nikachagua nyumba ya wageni iliyo chini, yenye sakafu ya saruji, wala si zile za mbao zilizopandishwa kwenye nguzo. Asubuhi kutazama ndege kwa kukaa barazani. Jioni matembezi ya kando ya mto, tambarare tupu. Na siku ya daraja nikaweka daraja dogo la mtoni, ambalo watoto wa shule hulivuka wakiimba.

Fundi akausoma mpango wangu kwenye kioo cha kompyuta, akafika hapo akasimama.

"Hilo silo langu."

"Ni la kwenu. Kampuni moja."

"Nililofunga mimi ni lile refu, la juu ya bonde."

"Lile refu linatikisika."

"Daraja la kamba lisilotikisika limekufa."

"Hebu nenda kamwambie baba maneno hayo, tuone."

Alinitazama kwa namna ambayo ningependelea anifokee. "Wewe ndiye mpangaji," akasema. Akachukua kofia yake, akawaaga wenzangu kwa heshima, akaondoka. Nikabaki na mpango wangu mzuri, usio na hatari, usio na faida.

Jioni nilimkuta mama jikoni anachambua mboga. Nikachukua kisu nikakaa upande wa pili wa sinia.

"Mama, baba anasafiri?"

"Nani kakwambia?"

"Goti lake."

Mama akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika. "Amenunua koti la mvua. Amelificha nyuma ya kabati. Juzi nikasikia bomba la bafuni linamwagika muda mrefu, nikasema mume wangu leo ana uchafu gani. Kumbe amelivaa koti, amesimama chini ya maji. Nikamsikia anajiambia mwenyewe, halivuji."

"Wewe hujamwuliza?"

"Nimwulize ili iweje? Mwanamume akiwa na siri ndogo kama hiyo mwache nayo, inamchangamsha." Akatupa shina kwenye ndoo. "Ila goti linanitia wasiwasi. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma."

"Mama, akilikataa daraja je?"

Mama akaniangalia vizuri, kisu kikiwa hewani. "Ndiyo maana macho yako mekundu. Umefanya nini?"

Nikamweleza kuhusu daraja dogo la mtoni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaivuta sinia kwake, kana kwamba sistahili tena kuchambua mboga zake.

"Mwanangu, baba yako ukimfichia ufa mmoja, ataubomoa ukuta. Unamjua tangu umezaliwa. Na huyo kijana wa watu hakuja kutafuta huruma. Angetaka huruma angekuja na wazee wengine."

Mezani baba alikula, redio yake ndogo kando ya sahani. Alipomaliza akapuliza chai iliyokuwa imepoa zamani.

"Mama," akaniita, maana tangu nizaliwe huniita kama mama yake, "huko kwenye misitu unakopeleka watu, ni kweli mvua hainyeshi, inakaa tu hewani?"

"Inategemea na msimu, baba."

"Aha." Akapuliza tena. "Nimeuliza tu."

Mama akainama kutafuta kijiko ambacho hakikuanguka.

Siku mbili tatu baadaye mlango wa ofisi ulifunguliwa, na baba akaingia akihema, tai shingoni, shati limenyooshwa. Alikuwa amepanda ngazi. Nyuma yake alikuwa fundi na mfuko wa kazi begani, akasimama karibu na mlango. Mama Tiketi akatoka chumbani kwake bila kuitwa. Dada wa Viza akazima feni ili asikie vizuri.

Baba akaketi kwenye kiti cha mteja. "Huyu kijana alinitaja?"

"Hajakutaja, baba."

"Vizuri. Na hapa usiniite baba. Ukiniita baba utanipangia kama baba."

"Nikuite nani?"

"Mteja."

"Shikamoo, mteja."

"Marahaba. Nasikia una maswali."

Nikamwuliza. Magoti, akasema ni mazima yote mawili, fundi akakohoa mlangoni, baba akasema basi la kushoto liandike kwa penseli. Masikio, akasema yeye hana tatizo, ila majirani wa siku hizi wanakoroma sana. Tumbo, akasema tuliruke swali hilo, mpishi wake analijua. Kisha akavaa miwani, akataka kuona mpango. Nikamgeuzia kompyuta na kumwonyesha kila kituo kwenye ramani ya ukutani. Alikwenda polepole, kidole kikifuata njia. Kilifika mtoni kikasimama.

"Hili daraja lina urefu gani?"

"Fupi. Watoto wa shule hulivuka."

"Na mimi nasoma darasa la ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni kwa ajili ya goti. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, matamu na ya kitaalamu. Nikamwona fundi pale mlangoni, ameshika mkanda wa mfuko kwa mikono miwili, hanisaidii wala hanishtaki, na maneno yale yakanitoka akilini.

"Alilofunga yeye si hilo," nikasema. "Lake ni lile refu, la juu ya bonde. Linatikisika. Nililiondoa mimi. Yeye hakutaka niliondoe."

"Kwa nini uliliondoa?"

"Kwa sababu utalikataa."

"Na nikilikataa?"

Nikasogeza kompyuta pembeni. "Nitakuwa nimewakosa wote wawili, baba. Yeye kwa kuwa umemkataa. Na wewe kwa kinyongo. Nakupenda, sitaki kuwa na kinyongo na wewe, lakini najijua, nitakuwa nacho. Nitakupikia, nitakushonea soksi, nacho kitakuwepo."

Baba akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya tai, akaiangalia kwenye mwanga, akaifuta tena. Sikuwahi kumwambia neno kama hilo maishani. Nilidhani atanyanyuka aende zake.

"Mama," akasema mwishowe, "lifti inakaguliwaje?"

"Kwa glasi."

"Glasi ni ya mwisho kabisa. Kwanza unaweka mzigo. Lifti tupu zote ni nzuri. Inapanda, inashuka, mlango unafunga vizuri, mtu anasaini anakwenda kula. Mimi sijawahi kusaini lifti tupu. Weka ndani uzito ule ule itakaoubeba, ndipo uangalie kama maji yanatulia."

"Ndiyo, baba."

"Sasa mimi nikienda kulivuka daraja la huyu bwana peke yangu, nitajua nini? Nitajua linambeba mzee mwenye goti. Mzee mwenye goti hakai huko. Atavuka mara moja, atarudi kwa mke wake." Akavaa miwani tena, akanitazama kupitia kwayo. "Weka lile refu. Na weka mtu wa tatu."

"Wa tatu nani?"

"Jamani, mtoto huyu," Mama Tiketi akasema, akishika kiuno.

"Lifti haikaguliwi tupu," baba akasema.

Niliielewa polepole, na ilipofika ilinijaa kifuani hadi nikashika meza. Baba yangu alikuwa anataka nisimame juu ya kamba za mtu yule, juu ya bonde, mbele ya macho yake. Yeye, ambaye hakuniruhusu kupanda bembea kabla hajavuta minyororo yake. Mtu hampandishi binti yake kwenye kitu alichokwisha kukikataa.

Baba akageuka kuelekea mlangoni. "Wewe. Litatikisika?"

"Litatikisika, mzee," fundi akasema. "Daraja la kamba lisilotikisika limekufa."

Baba akavua miwani. "Hata lifti," akasema. "Ikiwa haitetemeki hata chembe, ujue breki imeshika." Akaitikisa miwani kumwelekea, kama mwalimu. "Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nayangoja mwaka jana. Wazee wako walinieleza ukoo, walinieleza tabia, hakuna hata mmoja aliyenieleza daraja. Nami najua kitu kimoja tu duniani. Nilitaka mtu aniambie kwa lugha yangu."

"Sikujua kama naruhusiwa kusema, mzee."

"Hukuruhusiwa. Lakini ungesema."

Fundi akainamisha kichwa, na nikaona anachekea kifuani kwake, cheko la mtu aliyefunguliwa kamba. Kisha akainua macho yakanikuta. Safari hii sikutazama kalamu. Tulitazamana hadi Dada wa Viza akawasha tena feni, kwa heshima.

"Na mama yako awe wa nne," baba akaendelea. "Ameshaliona koti. Anadhani sijui kwamba anajua."

Nikaandika. Watu wanne, lile refu, vibanda vya mbao vya juu, msimu wa mvua nyepesi wakati vyura wanaimba, kwa sababu nilipoanza kupanga upya sikutaka tena kitu kikavu. Mkono wangu uliandika jina langu kwenye safari kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Niliandika vibaya, nikafuta, nikaandika tena.

"Wewe hujaulizwa," fundi akaniambia. Alikuwa amesogea hadi kwenye meza yangu. "Magoti?"

"Sasa hivi hayana nguvu," nikasema. "Uliza kesho."

"Yataulizwa njiani," baba akasema, akinyanyuka. Akapiga hatua, akalishika goti la kushoto. Kupanda alikuwa amepanda vizuri. Kushuka kulikuwa kunamsubiri. Tukamfuata hadi kwenye lifti mwisho wa ukumbi, akaiangalia. "Hii yenu nani anaikagua?"

"Ni wewe, baba."

"Basi ni nzima."

"Si unasema ni ya wateja?"

"Na mimi leo ni nani?" akasema, akabonyeza kitufe.

Tuliingia watatu. Kwa mkono mmoja baba alishika chuma cha ukutani, na kwa mwingine akafungua mfuko uliokuwa begani kwa fundi, akapekua, akatoa soksi ya kijivu. Akaitazama kidogo. Halafu akamnyooshea fundi.

"Shika. Mfuko una nyundo, nisije nikaivunja nikiuegemea."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani.

"Ikivunjika usirudi."

"Haitavunjika, mzee."

Mlango ukafunga, lifti ikatetemeka kidogo kama inavyotakiwa, ikaanza kushuka. Bega la fundi liligusa langu, na safari hii hakuna aliyeacha nafasi ya kidole. Tulipofika chini baba alitoka wa kwanza, akachechemea hadi barabarani akiongea peke yake kuhusu makoti ya mvua, na hakugeuka kudai glasi yake.